Hesabu ya Uzi wa Blanketi la Kufumwa

Wasomaji wetu, katika vijiji vingi vya pwani na vya bara hakosekani mtu ajuaye kufuma kwa kulabu, kazi ambayo wengine huiita kroshe. Vile vitambaa vyeupe vinavyotandikwa juu ya viti na meza siku ya kupokea wageni, vingi ni kazi ya mikono hiyo. Lakini kitambaa cha meza ni kitu kidogo. Uzi ukipungua, mtu hununua donge moja jingine na mambo yamekwisha. Blanketi ni jambo jingine kabisa. Blanketi hula uzi kama moto ulavyo kuni, na mfumaji asiyefanya hesabu kwanza huiona hasara yake mwisho wa kazi, wakati ambapo hawezi tena kurudi nyuma.

Mwandishi wa maneno haya aliyaona hayo nyumbani mwake. Binti yetu alipokuwa na mimba yake ya kwanza, mama yake alianza kumfumia mjukuu blanketi la rangi ya majani mabichi. Alinunua madonge manne, kila moja gramu 100, kwa kuwa jirani alimwambia ya kwamba manne yatosha. Mwezi wa nane wa mimba ulipofika uzi ukaisha, na blanketi lilikuwa bado robo nzima. Alirudi dukani akapewa uzi wa rangi ile ile kwa jina, lakini alipoufuma na kulitandaza blanketi juani, sehemu mpya ilionekana kama kiraka. Aliifumua, akatafuta katika maduka matatu mengine, asipate. Mtoto akazaliwa mwezi wa Julai, akafunikwa kwa kanga. Kanga si aibu, lakini baridi ya Julai haikungoja blanketi liishe.

Jirani yule hakusema uongo. Yeye kweli alitumia madonge manne. Ila blanketi lake halikuwa blanketi letu, wala mkono wake haukuwa mkono wa mke wangu. Basi twapenda kueleza hapa jinsi mtu awezavyo kujua, kabla hajatoa fedha yake, uzi utakaomtosha. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtoto wa shule ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kumfanyia mama yake.

SABABU ZA KUKOSEA

Watu wengi hukosea kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kudhani ya kwamba uzi hufuata urefu wa blanketi. Sivyo; uzi hufuata eneo, yaani upana mara urefu. Tuseme mtu amefuma blanketi la mtoto lenye upana wa sentimita 80 na urefu wa sentimita 100, akatumia madonge matano. Sasa ataka la mtu mzima, upana sentimita 160 na urefu sentimita 200. Atasema moyoni, "Pande zimekuwa mara mbili, basi ninunue madonge kumi." Madonge hayo kumi yatakwisha akiwa amefika nusu tu. Maana blanketi la kwanza lina sentimita za mraba 8,000, na la pili lina 32,000, nazo ni mara nne. Hapana budi anunue madonge ishirini. Asiyesadiki na atandike mablanketi manne ya mtoto sakafuni, mawili juu na mawili chini, aone kama hayatalingana na blanketi moja la mtu mzima.

Sababu ya pili ni kudhani ya kwamba madonge yenye uzito mmoja yana urefu mmoja wa uzi. Habari hii tutaieleza mbele.

Sababu ya tatu ni mikono ya watu. Mmoja huvuta uzi na kubana vitanzi, mwingine huviacha vilegee. Kulabu ya milimita 5 hufanya vitanzi vikubwa kuliko kulabu ya milimita 4, hata uzi ukiwa ni ule ule. Tena mshono mfupi uliobanana hula uzi mwingi kuliko mshono mrefu wenye nafasi, ingawa mablanketi yote mawili yawe na ukubwa mmoja. Kwa hiyo hesabu ya jirani ni ya jirani. Kila mfumaji yampasa aupime mkono wake mwenyewe.

KIPANDE CHA KUJARIBIA

Njia iliyo bora ni hii. Nunua donge moja la uzi unaokusudia kuutumia. Chukua kulabu ile ile na mshono ule ule utakaoufuma katika blanketi, ukafume kipande chenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 20. Kioshe, kikaushe kwa kukilaza, wala usikining'inize, kwa sababu kazi iliyofumwa hunyooka kwa uzito wa maji. Kikiisha kukauka, kipime kwa futikamba, kisha kipime uzito wake kwa mizani.

Kipande kikitokea na upana wa sentimita 19 na urefu wa 21, haidhuru, usikifumue. Zidisha vipimo hivyo vilivyotokea, nawe utapata eneo lake la kweli. Lililo la lazima ni kuujua ukubwa wake sawasawa, si kupata 20 kamili.

Sasa tufanye hesabu ya blanketi lile la mjukuu. Kipande cha mke wangu kilikuwa sentimita 20 kwa 20, yaani sentimita za mraba 400, na uzito wake gramu 22. Blanketi lenyewe ni 80 mara 100, yaani 8,000. Gawanya 8,000 kwa 400, utapata 20. Maana yake, blanketi ni sawa na vipande ishirini vya namna ile. Basi zidisha 20 kwa gramu 22, utapata gramu 440.

Lakini blanketi hilo lilikuwa na ukingo wa sentimita 3 pande zote. Wafumaji wengi huudharau ukingo kwa kuwa ni mwembamba, nao hauna haki ya kudharauliwa. Ukiisha kutiwa, upana huwa sentimita 86 na urefu 106, na eneo lote huwa 9,116. Yaani ukingo peke yake umeongeza sentimita za mraba 1,116, nazo zahitaji kama gramu 61 za uzi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya donge! Jumla sasa ni gramu 501.

Mwisho ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya ncha zinazofichwa, mafundo, na mkono unaobadilika mtu akichoka. Sehemu ya kumi ya 501 ni kama 50. Jumla yote ni gramu 551, nazo ni madonge sita. Manne yasingeweza kutosha kwa njia yoyote. Lau tungalifanya hesabu hii ya robo saa siku ya kwanza, mtoto angalizaliwa blanketi lake likiwa tayari.

Labda msomaji atauliza, kwa nini tusifume kipande kidogo zaidi, cha sentimita 10 kwa 10, ili kupunguza kazi? Jibu ni hili. Kipande kidogo kama hicho kwa uzi huo kina gramu tano na nusu. Mizani isiyoonyesha nusu gramu itasema 5, au itasema 6. Blanketi la 8,000 ni sawa na vipande vidogo themanini. Ukizidisha 80 kwa 5 utapata 400. Ukizidisha 80 kwa 6 utapata 480. Hesabu ya kweli ni 440, basi kosa dogo la mizani limekuwa gramu 40, karibu nusu ya donge. Kwa kipande kikubwa, kosa la nusu gramu huzidishwa mara ishirini tu, nalo halipiti gramu 10. Kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kosa linavyokuwa dogo.

ASIYE NA MIZANI

Mizani ya duka la sukari na mchele mara nyingi haifai kwa gramu chache. Mizani ndogo ya jikoni yatosha, na sonara naye ana mizani ya kupima vitu vyepesi. Mwombe kwa adabu, hatakunyima. Lakini mtu aweza kufanya kazi bila mizani yoyote.

Aanze blanketi lenyewe kwa upana wake wote, afume mpaka donge la kwanza liishe, kisha apime kimo alichofikia. Tuseme upana ni sentimita 80, na donge la gramu 50 limefika kimo cha sentimita 11. Urefu atakao ni sentimita 100. Gawanya 100 kwa 11, utapata 9 na kitu kidogo. Basi madonge ni kumi, na la ukingo juu yake. Njia hii ni nzuri kwa kuwa kazi haipotei: kipande cha kujaribia ndiyo mwanzo wa blanketi. Hatari yake ni moja tu. Donge la kwanza laweza kuchukua siku mbili au tatu kuisha, na katika siku hizo wengine wanaweza kununua uzi wote wa rangi ile. Basi mwombe mwenye duka akuwekee mengine mpaka siku mtakayoagana, hata kwa kutoa arubuni.

UZITO SI UREFU

Wengine hufuata vitabu na karatasi za mifano, ambazo husema, "Madonge kumi ya gramu 50." Mfumaji hufika dukani, asiuone uzi uliotajwa, akanunua madonge kumi ya gramu 50 ya uzi mwingine, akidhani ni mamoja. Hapo ndipo linapokuja lile jambo la pili tulilolitaja.

Vitu vinavyofanywa uzi havina uzito mmoja. Uzi mwingi unaouzwa madukani kwa jina la sufu si manyoya ya kondoo hata kidogo, bali ni akriliki, uzi wa kiwandani. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliubuni mwaka 1941 na kuanza kuufanya kwa wingi mwaka 1950. Akriliki ni nyepesi. Ukichukua kiasi cha akriliki chenye uzito wa gramu 12, kiasi kile kile cha sufu ya kondoo kitakuwa karibu gramu 13, na cha pamba karibu gramu 15. Kwa hiyo nyuzi tatu za unene mmoja zikipimwa gramu 50 kila moja, wa akriliki ndio utakaokuwa mrefu, na wa pamba ndio utakaokuwa mfupi. Tena uzi uliosokotwa kwa nguvu ni mfupi kuliko uliosokotwa kwa ulegevu. Nalo blanketi hufumwa kwa urefu wa uzi, halifumwi kwa uzito wake.

Dawa yake ni kusoma karatasi iliyozungushiwa donge. Juu yake imeandikwa uzito, na pamoja nao urefu kwa mita au kwa yadi. Ikiwa mfano wataka madonge kumi ya mita 120, zidisha, utapata mita 1,200. Hiyo ndiyo hesabu ya kuchukua dukani. Ukikuta uzi wenye mita 240 kwa donge, gawanya 1,200 kwa 240, nawe utanunua madonge matano. Ukikuta pamba yenye mita 85 kwa donge, gawanya 1,200 kwa 85, utapata 14 na kitu. Basi nunua 15. Karatasi ikitaja yadi, kumbuka ya kwamba yadi 100 ni kama mita 91. Lakini angalia unene wa uzi uwe ule ule. Uzi mwembamba ukichukuliwa mahali pa mnene utatoa blanketi dogo, hata mita zikiwa sawa.

Matamvua nayo hupimwa kwa urefu. Tuseme ncha mbili za blanketi, kila moja sentimita 80, zatiwa shungi moja kila sentimita 2. Kila ncha ina mashungi 41, jumla 82. Kila shungi ni nyuzi nne za sentimita 30, yaani mita moja na sentimita 20. Zidisha kwa 82, utapata mita 98. Mtu asiyezihesabu mita hizo atayakosa matamvua ya ncha ya pili.

BLANKETI LA VIPANDE NA RANGI NYINGI

Wako wanaopenda kufuma vipande vingi vya mraba, kila kimoja kikianzia katikati na kuzungushwa, kisha kuviunga. Hapa hesabu ni rahisi: fuma vipande kumi, vipime pamoja, ugawanye kwa kumi. Vikiwa gramu 65, kila kipande ni gramu 6 na nusu. Blanketi la vipande saba kwa vinane lina vipande 56, nalo lataka gramu 364, mbali na uzi wa kuungia na wa ukingo.

Lakini rangi ndizo zinazowadanganya watu. Tuseme kila kipande kina mizunguko minne, na kila mzunguko una rangi yake. Mfumaji hununua rangi nne kwa kiasi kimoja, akidhani ya kwamba kila rangi ina robo. Basi na ahesabu vifungu vya mishono. Katika kipande cha kawaida mzunguko wa kwanza una vifungu 4, wa pili 8, wa tatu 12, na wa nne 16. Jumla ni 40. Kwa hiyo rangi ya katikati ni sehemu moja ya kumi tu, ya pili ni sehemu mbili, ya tatu ni tatu, na ya nje ni sehemu nne za kumi. Katika zile gramu 364, rangi ya kwanza itahitaji kama gramu 36, ya pili 73, ya tatu 109, na ya nne 146. Aliyenunua donge moja la gramu 100 kwa kila rangi atabakiwa na zaidi ya nusu ya donge la kwanza, naye atalilia donge la mwisho. Na kama ataviunga vipande kwa rangi ile ile ya nje, hiyo ndiyo atakayoizidisha zaidi.

NAMBA YA RANGI

Jambo la mwisho halina hesabu, lakini ndilo lililotuumiza sisi. Uzi hutiwa rangi kiwandani kwa mafungu, na hakuna fungu linalofanana na jingine kabisa, kama vile chungu cha leo cha chai hakifanani kabisa na cha jana. Kwa hiyo karatasi ya donge huwa na namba mbili: namba ya rangi yenyewe, na namba ya fungu lililotiwa rangi pamoja. Namba ya kwanza ikilingana na ya pili isilingane, rangi zaweza kupishana. Ndani ya duka lenye giza hutaiona tofauti, juani utaiona. Basi nunua madonge yote siku moja, usome namba zote mbili juu ya kila donge, na karatasi moja uitunze mpaka kazi iishe.

Ikiwa umekwisha kupatikana na mkasa, na uzi uliobaki dukani ni wa fungu jingine, usiungane nao kwa ghafula. Uzi wa zamani ukiwa bado upo kidogo, fuma mistari miwili kwa uzi wa zamani na miwili kwa mpya, ukibadilishana hivyo kwa kadiri utakavyoweza, ndipo uendelee na mpya peke yake. Jicho halitauona mpaka. Ndiyo sababu yafaa kuitambua hatari mapema, wakati donge la mwisho bado halijafunguliwa.

FAIDA YA HESABU HII

Walimu wataona ya kwamba hapa pana somo zima la eneo, kugawanya na sehemu za kumi, na watoto watalipenda kwa sababu mwisho wake waweza kushikwa kwa mkono. Na vyama vya akina mama vipokeavyo kazi ya kufuma kwa malipo vitaona faida kubwa zaidi. Tuseme chama kimeagizwa mablanketi kumi ya watoto kama lile tulilolihesabu. Kwa kukisia madonge manne manne watanunua 40. Kwa hesabu, gramu 551 mara kumi ni gramu 5,510, nazo ni madonge 56. Chama kilichokubali bei kwa kufikiri madonge 40 kitalipa madonge 16 kutoka katika ujira wa mikono yake. Tena angalieni: kila mmoja akijinunulia madonge sita yake, yatakuwa 60, wakinunua pamoja, 56 yatosha, na rangi yote itakuwa ya fungu moja.

Kazi hii ya kulabu haikuwa mchezo hata katika nchi nyingine. Katika nchi ya Ayalandi, ugonjwa wa viazi ulipoharibu mazao ya wakulima na kuleta njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, wanawake na wasichana walifundishwa kufuma lesi kwa kulabu, na lesi hizo zikauzwa hata nje ya nchi, zikaleta chakula nyumbani.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mfumaji naye na awe na daftari lake: aandike aina ya uzi, namba ya kulabu, uzito wa kipande, ukubwa wa blanketi, na madonge yaliyotumika. Mke wangu sasa analo. Ukurasa wake wa kwanza ni wa blanketi la rangi ya majani mabichi, nao umeandikwa, "Manne hayatoshi. Sita." Mjukuu wa pili alipozaliwa, blanketi lake lilikuwa limekunjwa juu ya kitanda wiki tatu kabla ya siku yake.